Mafungu Matatu ya Nguo za Baba

Jumapili, Bungoma. Mvua haijakatika tangu adhuhuri, na chumba changu hapa Chuo Kikuu cha Kibabii kinanuka nguo zisizokauka. Sijaongea na mtu tangu jana.

Jana nilikuwa nyumbani Kitale. Tuligawana nguo za Baba. Senge, dada yake, alizitandaza mkekani mafungu matatu: makoti, sweta, mashati. Kila mtoto achukue moja kutoka kila fungu. Kaka zangu wawili walimaliza upesi, walichukua zilizowatosha. Mimi hakuna iliyonitosha. Nilisimama tu.

“Si wewe ndiye wa hesabu?” Senge akasema. “Ama tumwite mwalimu wako akusaidie?”

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaondoka mikono mitupu.

“Kesho jioni zilizobaki napeleka kanisani,” akaniitia kutoka mlangoni. “Usiseme ati sikukuambia!”

Sasa ni saa kumi.

Mwaka mzima, katika tasnifu yangu ya hisabati, nimeandika kuhusu aksiomu ya uteuzi, mojawapo ya kauli zinazokubaliwa bila kuthibitishwa. Inasema hivi: hata mafungu yakiwa hayana mwisho, mradi hakuna lililo tupu, inawezekana kutoa kitu kimoja katika kila fungu, hata kama huna kanuni ya kukuelekeza.

Lakini mafungu matatu hayahitaji aksiomu. Yanahitaji mkono.

Ukweli ni kwamba naogopa. Nikichukua, basi Baba amekufa kweli.

Likizo iliyopita nilimwonyesha jinsi namba zote zinavyojengwa kutoka seti tupu, ile isiyo na kitu ndani. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi.

“Kama ulimwengu tu,” akasema. “Sasa hiyo tupu nayo ililetwa na nani?”

Nilimwambia nitamjibu nikirudi. Nilirudi kwa mazishi.

Nimemwandikia Senge sasa hivi: koti jeusi, sweta yenye tundu kiwikoni, shati la mistari. Usiniulize kwa nini.

Amejibu: “Nimezikalia zote kama kuku. Hakuna mtu ameguza.”

Nimelia, peke yangu, kwa sauti, mvua ikinifichia.

Baba, hiyo tupu hakuna aliyeileta. Hatukuweza hata kuithibitisha. Tulikubali tu kwamba ipo, ndipo tukaanza kuhesabu.

Kesho nitaanzia hapo.