Kicheko Kwenye Maiki

Jumamosi, 11 Aprili
Mkutano wa diwani, uwanja wa shule. Spika zangu mbili, jenereta yangu, maiki zangu, na MC ni mimi — nani mwingine? Nimesherehesha Tunduma. Nimesherehesha Karonga, ng'ambo ya mpaka, nchi ya watu, kwa Kiingereza cha kidato cha pili nilichokiachia njiani, na bibi harusi akalia kwa furaha! Kata hii haina mwingine. Tope lilifika kwenye vifundo, lakini sauti ilivuka mto.

Mheshimiwa Hezroni alihutubia saa nzima. Maendeleo, maendeleo. Halafu akasimama Mama Tusajigwe. Akauliza lile daraja la miti lililosombwa na mafuriko ya Machi litarudi lini, maana binti yake Kisa amejifungulia ukingoni, juu ya mkeka wa kuanikia kakao, akisubiri maji yapungue avuke kwenda zahanati.

Mheshimiwa akasogeza maiki mdomoni. Akasema shida ya mama huyu si daraja, shida yake ni kitanda kimepoa tangu mumewe afe. Atafutiwe mzee mmoja wa Katumba Songwe anayejua kuogelea, ataacha kuisumbua serikali.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Maiki ya pili ilikuwa mkononi mwangu, imewashwa. Kicheko changu kile — kinaanza kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu kinawaka! Spika ikapiga mluzi. Mama akajifunga kanga upya, akaondoka kabla ya sala ya kufunga.

Kesho harusi Ndandalo.

Jumapili, 12 Aprili
Harusi safi. Watu wamekula, wamecheza, wamenisifu. Nyumbani Prisca ananisemesha kwa mgongo. Nikauliza kulikoni, mke wangu. Akasema, Baba Nancy, mama yule alipika siku tatu kwenye msiba wa mama yako. Moshi ukamtoa machozi kuliko wewe uliyefiwa. Jana ulimcheka kwa umeme.

Nikasema ile ni kazi. MC asipocheka, mgeni rasmi anaona aibu.

Akasema basi ukale kwa mgeni rasmi.

Nimejipakulia ndizi mwenyewe. Zimepoa.

Jumanne, 14 Aprili
Kumbe kuna mtu alirekodi kwa simu. Kipande kimeenea. Dukani kwa Athuman wanakirudia kama wimbo. Athuman akanipokea: "Karibu, msanii! Kicheko chako kimepata wasikilizaji kuliko ahadi za mwenye mkutano!"

Nikajitutumua kidogo. Siyo uongo, kilisikika vizuri, spika zangu siyo za kuokota. Kugeuka, namwona Kisa mlangoni, kichanga mgongoni, anangoja sabuni. Hakunisalimu. Nikatoka bila sukari niliyoifuata.

Ijumaa, 17 Aprili
Ha! Mheshimiwa amejibu, kwenye kundi la WhatsApp la kata. Sauti ile si yake. Imetengenezwa kwa kompyuta na maadui wa maendeleo. Hata hivyo, kama yupo aliyekwazika na maneno ambayo yeye hakuyasema, anamsamehe.

Anamsamehe!! Nimesoma mara tatu nikidhani macho yangu yana njaa. Kompyuta gani, ya hapa kwetu? Ile ya pale stendi haiwezi kuchapa cheti cha ubatizo bila kumeza karatasi, ndiyo itunge matusi ya mtu mzima?

Mama Tusajigwe amepeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili ya madiwani. Karatasi moja, mwandiko wake mwenyewe. Anataka aombwe radhi uwanjani pale pale, kwa spika zile zile, na swali la daraja lijibiwe. Basi.

Mashahidi sasa! Uwanja ulijaa watu mia mbili, leo wote walikuwa shambani. Mmoja alikaa nyuma sana. Mwingine upepo ulikuwa mbaya. Yule aliyerekodi kwa simu hajulikani hata na simu yake.

Jumatatu, 20 Aprili
Nimekwenda kwa Mama Tusajigwe. Alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka. Ule mkeka.

"Ugonile, mama." Akaitika, hakuacha kugeuza.

Nikamwambia ninao mkutano wote. Mashine yangu hurekodi kila shughuli kwenye memori kadi, tangu Karonga waliponisingizia nimemtukana mjomba wa bwana harusi. Nilikuwa nimejipanga kumwomba radhi. Maneno nilikuwa nayo mpaka mlangoni. Badala yake ikatoka mzaha: eti kakao yako inanukia kuliko hotuba yote ya Mheshimiwa.

Hakucheka. Akashukuru, "Ndaga, mwanangu. Ila kadi haina mdomo. Utakwenda nayo wewe."

Njiani simu: Mheshimiwa! "MC wangu, mikutano yote ya mwaka huu ni yako. Unajua tena, hizi kadi huwa zinaharibika."

Nikamjibu, Mheshimiwa, yangu niliinunua Tunduma, haijui kuharibika. Nikakata mimi! Prisca leo kanipakulia, tena kaongeza samaki. Sikumwambia kwamba baada ya kukata niliizima simu kabisa, asije akapiga tena.

Alhamisi, 23 Aprili
Naandikia hapa kwenye benchi, nje ya ukumbi wa kamati. Wametupa mapumziko ya dakika kumi.

Kadi imechezwa. Maneno yote, kitanda na kila kitu, na kicheko changu juu yake kama kachumbari. Mheshimiwa, suti ya kijivu, akatikisa kichwa kwa huzuni: kompyuta. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza nina uthibitisho gani.

Nikasimama. Niliitamani nafasi hii, nisijidanganye. Nikasema, waheshimiwa, sauti ya kusema huenda ikaigwa. Lakini kicheko kile ni changu, kuanzia Matema mpaka Kasumulu wanakijua, hakuna kompyuta ya kukitoa. Mkikikubali kicheko, mmekubali na kilichochekwa. Viko pamoja, hakuna pa kukata.

Watu wakaguna: huyo MC!

Mwenyekiti akavua miwani. "Vizuri. Basi cheka, tusikie."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Mimi! Mama Tusajigwe alikuwa kiti cha mbele, kanga ile ile, tunatazamana. Nikasukuma. Kikatoka kitu kama mbuzi aliyepaliwa na pumba.

Aliyecheka ni Mheshimiwa. "Mnaona? Hata hicho kicheko si chake."

Mwenyekiti akasema dakika kumi. Nikirudi nikashindwa tena, kadi inawekwa kando, na malalamiko yanabaki neno la mama dhidi ya neno la diwani. Neno lipi litashinda? Hata mtoto wa Kisa analijua jibu.

Nimekunywa maji. Nimejisimulia vichekesho vyangu vyote, hata kile cha mchungaji na dagaa wa usipa. Pakavu.

Mama amekuja kukaa hapa benchi. Haniangalii. Nimesema — hatimaye! — mama, nisamehe, nilikucheka. Hivyo tu, bila mbwembwe.

Ameng'oa uzi kwenye pindo la kanga. Halafu: "Najua. Kilinisindikiza mpaka nyumbani."

Nikaacha kuandika, nikaona aibu, nikaanza tena. Mikono lazima ishike kitu.

"Cheka, Jubilate," amesema. "Kile kile, usikipunguze. Siku ile nilikibeba bure. Leo nitakibeba kwa kazi."

Karani yuko mlangoni anaita jina langu lote, kama shuleni. Mama ametangulia kusimama. Anajifunga kanga. Nimemwomba akae nyuma kabisa, ukutani, nisimwone. Amekataa. Anakwenda kwenye kiti kile kile, mbele yangu, na kifuani mwangu ile pikipiki imeanza kukataa kuwaka, kama siku ile.