Waya Wenye Meno Pande Mbili

Tunduma,
masika

Kaka yangu Ramadhani,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umeshamaliza kupanda alizeti na lile goti lako limekupa nafasi ya kupumua. Mama je, kikohozi kimepungua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima kwa kiasi nitakachokueleza, maana nikisema wazima kabisa nitakuwa nimeanza barua kwa uongo.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Kaka, wewe ukiongea na simu unaiweka sauti kubwa, na mama yuko hapo hapo pembeni ya kiti chako anasikia kila neno. Haya sitaki ayasikie. Ndiyo maana nimempa Hamisi, dereva anayenibebea mchele, akukabidhi mkononi pamoja na gunia lenu. Soma peke yako. Usimwite mwanao Hawa akusomee kwa sauti eti miwani imepotea.

Nimeyasikia uliyoyasema kwenye kikao cha ukoo. Yalifika Tunduma kabla ya basi. Kwamba Mwajuma ana nyumba ya vyumba saba na hana hata kimoja cha kumweka mama yake. Kwamba hela imenikausha moyo. Nilikaa nikahesabu, kaka. Vyumba ni saba kweli, hapo hukukosea. Ulipokosea ni kudhani kwamba katika hivyo saba kuna kimoja ambacho mimi nitamlaza mama yangu na usingizi ukanijia.

Unajua nilivyoanza hapa. Nilikuja na kisado kimoja cha kupimia na kanga mbili, nikakaa pembeni ya barabara nauza mchele wa watu. Hakuna aliyenipa mtaji, hata wewe hukunipa, na sikulaumu. Nilipofikia kujenga nilipiga hesabu mwenyewe: vyumba vinne, sebule, jiko la nje. Saruji mifuko tisini, na waya wa umeme wa vyumba vinne usiozidi wala kupungua. Nikanunua vyote kwa mkupuo, nikamkabidhi mume wangu, baba Zuhura, nikashuka Kamsamba kununua mpunga. Ulikuwa msimu, na msimu haumsubiri mtu. Joto la kule unalisikia mpaka kwenye meno.

Niliporudi nikasimama nje, vumbi la njia nzima likiwa bado kichwani, nikahesabu milango. Saba.

Shemeji yako alikuwa ameegemea ukuta anacheka. Akaniambia, "Mama Zuhura, umeondoka na vinne umerudi unakuta saba. Nani mwingine Tunduma hii kamfanyia mkewe hivyo?"

Sikucheka. Nikamuuliza saruji kaongeza mifuko mingapi. Akasema hakuongeza hata mmoja, ndiyo ufundi wenyewe. Kaka, saruji ya vyumba vinne imejenga vyumba saba. Fundi wa haki anatia toroli tatu za mchanga kwa mfuko mmoja. Vijana waliochanganya waliniambia baadaye kwamba kwetu zilitiwa nane. Ukipitisha ukucha kwenye plasta ya chumba cha nyuma, unadondoka unga kama wa muhogo. Juu ya madirisha matatu hakuna lenta ya zege, kuna mbao. Nyufa nimezizoea, ile ya koridoni sasa inapitisha kidole.

Sikusema sana wakati ule. Watu walikuwa wanakuja kupongeza, naye anawazungusha chumba kwa chumba kama mwenye hoteli. Nilijisemea nitarekebisha polepole. Waya ulikuwa jambo jingine, kwa sababu waya hauonekani.

Baba Zuhura ameendesha malori zaidi ya nusu ya umri wake. Taa za lori anafunga mwenyewe, betri anaunga mwenyewe, akishika waya unamtekenya tu anafuta mkono kwenye suruali. Basi kwake umeme ni umeme. Fundi umeme wa nini, kula hela ya bure? Lori ni volti ishirini na nne. Ukutani ni mia mbili na thelathini. Nilimwambia, igawanye hiyo uone ni karibu mara kumi. Akanijibu kwamba mimi nihesabu mchele. Waya ulipopungua, kwa sababu ulikuwa wa vyumba vinne, akaungia wa lori, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, akaufunga na nailoni na kuupiga plasta juu. Haukupita kwenye bomba, wala hakuweka waya wa kuteremsha ardhini umeme unaovuja. Jokofu tukawa tunalifungua tukiwa tumevaa ndala. Aliyesahau alirushwa kidogo, wote tukacheka. Ndivyo tulivyoishi, kaka, kucheka kitu cha namna hiyo.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Sisi tuko mtaa wa mwisho kabisa. Ukitoka mlango wa uani ukavuka kijia, uko Nakonde, Zambia. Jirani yetu wa ng'ambo hiyo ni Bana Chanda, yaani mama Chanda kwa lugha yao, muuza kapenta, dagaa wa kwao, mwanamke mwema kuliko ndugu wengine. Umeme wake unatoka kwao, wetu unatoka kwetu, na mara nyingi ukizima huku kule unawaka. Baba Zuhura akapata akili. Akachukua waya mrefu akaufunga plagi huku na plagi huku. Plagi moja kwenye soketi ya Bana Chanda, waya unapita juu ya kijia, plagi ya pili kwenye soketi yetu ya sebuleni. Umeme unaingia nyumbani kinyumenyume na nyumba nzima inawaka. Mtaa uko gizani, kwetu redio inaimba. Alivyofurahi, ungedhani kagundua maji.

Kinyozi aliyepanga chumba cha mbele hakuwahi kukosa kazi. Majirani wakaja kuchaji simu. Waya ule ukampa baba Zuhura heshima kuliko lori lolote alilowahi kuendesha.

Lakini fikiria waya wenye meno pande mbili. Ukiwa umechomekwa kote kote, umelala. Ukiuchomoa upande mmoja, meno yamebaki nje mkononi mwako, na upande wa pili bado unayalisha.

Na sasa mkumbuke mama na radi. Wingu likinguruma tu, mama anazunguka nyumba anachomoa: redio, chaja, mpaka pasi iliyo kabatini anaigeuza kuhakikisha. "Radi inatafuta mlango," anasema, "msiuache wazi." Zuhura wangu amelelewa na mama tangu kuachishwa ziwa mpaka alipomaliza darasa la saba. Sala alifundishwa na mama, na kuchomoa kwenye radi alifundishwa na mama. Hata sasa ni binti mkubwa, mwenye cherehani yake na wateja wake, ngurumo ikipiga anaacha kila kitu anainuka.

Siku hiyo umeme wetu ulikatika mchana. Baba Zuhura akauchomeka waya wake, kinyozi akaendelea na vichwa vya watu. Alasiri mvua ikashuka na upepo. Mimi niko uani nafunika magunia na turubai. Ikapiga radi, ile ya huku milimani ambayo mabati yanaitikia. Nikasikia miguu ya Zuhura inakwenda ndani, peku, naye ametoka kuanua nguo kwenye mvua. Alichomoa runinga. Alichomoa jokofu. Kisha akauchomoa ule.

Hakupiga kelele, kaka. Nilisikia kishindo cha kuanguka na mlio mwingine ambao sina jina lake. Nilipofika mlangoni yuko chini, ngumi imefunga juu ya meno ya ile plagi, mkono wote unatetemeka, macho yananiangalia na hayanioni. Baba yake akatokea koridoni anakimbia amshike. Nikampiga kifua kwa mikono miwili, akaangukia gunia. Mpaka leo anasimulia watu kwamba nilimsukuma. Nilimsukuma, ndiyo. Angemgusa wangekuwa wawili.

Nikarudi mlango wa uani nikaita kwa nguvu zangu zote, kwa lugha yake ili asichelewe kuelewa: "Bana Chanda, fumya! Fumya!" Yaani chomoa. Yule mama alikuwa dirishani kwake. Hakuuliza ni nini. Mkono wa Zuhura ukafunguka.

Tulimkimbiza hospitali Vwawa kwenye gari la mchele. Yuko hai, alhamdulillah, narudia ili usisome mbele kwa hofu: Zuhura yuko hai, anakula, anatembea. Kiganja cha kulia ndicho kilichoungua. Daktari anasema ngozi itafunga, ila vidole viwili hana hakika kama vitakunja tena sawasawa. Ni mkono wa kuongozea kitambaa. Cherehani ameifunika na shuka.

Sitamfanya shemeji yako shetani. Kule hospitali alimlisha mwanawe uji kwa kijiko na hakuondoka. Ila tuliporudi nyumbani, kabla sijavua kanga, alisema kitu. Alisema, "Nani alimwambia achomoe?"

Nikamjibu, "Bibi yake."

Akasema, "Basi bibi yake asije hapa mpaka afundishwe."

Ndipo ilipotoka hiyo habari ya Mwajuma hamtaki mama, kaka. Haikutoka kinywani mwangu. Lakini nikiwa nimelala nikaipindua nikaona, pamoja na ubaya wake, ndani yake kuna kweli moja. Mama akija hapa, radi ikilia, atakwenda moja kwa moja kwenye waya ule. Miaka yake sabini na ushee, miguu peku, na hakuna wa kumzuia kwa sababu anafanya jambo jema.

Nilidhani waya umekwisha. Haukupita muda nikarudi kutoka sokoni, nikaukuta umerudi ukutani, umezungushiwa solotepu mpya. Baba Zuhura akasema ataweka kibao cha onyo. Nikamuuliza mama anajua kusoma tangu lini.

Nikavuka kwa Bana Chanda, nikamwomba achomoe upande wake na asichomeke tena hata akiombwa na mfalme. Nikarudi na kisu cha kufungulia magunia nikaukata waya vipande vitatu mbele ya mlango, mchana kweupe. Umeme wetu ulikuwa umekatika, hivyo kila kitu kikazima. Kinyozi akatoka mbio na mashine mkononi, nyuma yake mteja amefungwa shuka shingoni.

"Mama Zuhura, umeniachia kichwa cha mtu nusu."

Nikamwambia, "Nywele zitaota. Kidole sijui."

Akarudi ndani na mashine yake. Yule mteja akaenda zake na nusu yake, na sijasikia kama alidai.

Baba Zuhura hasemi nami. Chakula anakula. Anasema nimemvunjia heshima mbele ya mtaa, na majirani waliozoea kuchaji wananisalimia nusu nusu. Nimevumilia njaa mji huu, hilo nalo nitalivumilia. Nilimleta fundi umeme mwenye leseni kutoka Vwawa. Alibandua plasta sehemu tatu tu, akakunja vifaa vyake, akauliza kazi hii aliifanya nani. Baba Zuhura akakohoa, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Hesabu yangu ni hii. Vyumba vitatu vya nyuma tunavibomoa mvua zikikatika. Vinne vinabaki, vile vile nilivyovipima mwanzo. Waya wote unatoka ukutani, unaingia mpya ndani ya bomba. Chumba cha kwanza ni cha mama, kile kinachopata jua la asubuhi. Sikuombi shilingi. Nakuomba umkalishe mama mpaka nikuite, na wifi avumilie kikohozi chake cha usiku, najua kinamchosha. Na yale uliyoyasema kwenye kikao, uyafute mbele ya wale wale uliowaambia. Sababu usiwape. Nakujua, utaona ni vigumu kujishusha bila kutoa sababu. Mimi nimekaa na la kwangu bila kutoa sababu tangu siku hiyo.

Maana mama akijua, kaka, hatalala tena. Atasema ni yeye aliyemfundisha.

Juzi alipiga kuzungumza na Zuhura. Huku ngurumo zilikuwa zimeanza, na mama akazisikia ndani ya simu. Akakatiza habari zote akauliza, "Zuhura, umechomoa?" Mwanangu alikuwa ameushika mkono wenye bandeji kwa ule mzima, simu ameibana na bega. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimechomoa, bibi. Nilichomoa mapema." Mama akamwombea dua, akakata. Ngurumo iliyofuata Zuhura aliinuka, akafika mpaka kwenye soketi, akasimama mbele yake. Kisha akarudi kukaa. Ndivyo anavyofanya kila mara siku hizi.

Nisalimie wifi, na umwambie kitenge chake kiko chini ya mchele. Msalimie mama mdogo anayefinyanga vyungu, na mjomba mwadhini. Zuhura anakushika mkono, mjomba wake, wa kushoto kwa sasa.

Mama akiuliza kwa nini nakawia, mwambie saruji ya chumba chake bado haijashika. Hutakuwa umemdanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajuma, mama Zuhura