Salongo, Mguu Uko

Salongo,

Mimi Barasa nina miaka sabini na mbili. Nimewazika ndugu zangu wote, nimezeesha gari saba za bosi, na yule daktari aliyeniambia nikiendelea kula vile nakula sitafika sitini, yeye mwenyewe hayuko. Madereva tuliokuja nao Doha siku zile wamerudi nyumbani au wamelala chini. Mimi bado niko. Na wewe sikutegemea nikuongeze kwa hesabu hiyo, maana ulikuwa mdogo kwangu na ulikuwa unakula mboga.

Barua hii naandika mwenyewe. Nafula binti yangu alitaka mimi niseme yeye aandike, nikakataa. Shule niliacha mapema lakini herufi zote nazijua. Mahali nimekosea, utajua nilitaka kusema nini.

Jambo la kwanza ni hili. Mguu uko.

Kila asubuhi ulikuwa unanitumia sauti kwa simu kutoka Masaka, salamu hakuna, pole hakuna, ni "Barasa, mguu uko?" Mimi nakujibu "Uko," basi, tumemaliza. Halafu siku ile hospitali wakaniambia sukari imeharibu mguu, huenda wakaukata chini ya goti. Siku hiyo sikukujibu. Ningekujibu nini? Kesho yake hukutuma sauti. Nikasema huyu Mganda amekasirika. Kumbe kijana wako alikuwa amempigia Nafula kumwambia kwamba ulilala na hukuamka.

Sasa ulikufa hujui. Hiyo ndiyo ilinikaa kifuani, Salongo, kuliko hata kidonda.

Walikata kidole kidogo tu, kile cha mwisho. Kidole chenyewe hakikuwa na kazi. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba mguu wa Barasa haukatwi, na haukukatwa. Nafula anasema ni dawa, na ni yeye kunisafisha kidonda kila siku kabla ya kwenda zamu. Haya, na yeye alisaidia.

Nilikuwa nauogopea mguu huu na unajua kwa nini. Kazi ya kuendesha nilishaacha, niko hapa Doha kwa kibali cha Nafula, nakaa kwake Fereej Bin Mahmoud, chakula naletewa. Mtu angesema mguu wa nini. Lakini kulikuwa na lile daraja.

Unakumbuka Doha ikianza kuchemka, bosi anabeba nyumba yote kwenda Uingereza, wewe jikoni, mimi kwa usukani. Wakishakula mchana wanalala, sisi tunateremka mtoni. Na mto wenyewe! Ukiuweka kando ya Nzoia ni mfereji. Wewe ukasema hata Nzoia ni mfereji, mtu wa Nile haitwi kuangalia maji ya Wakenya. Nikakuambia wewe ni wa Masaka, Nile uliivuka tu na basi ukitafuta kazi. Ulinuna mpaka jioni.

Lakini palikuwa pazuri, hiyo hatukubishana. Maji hayana haraka. Miti imeinama mpaka matawi yanalowa. Zile boti nyembamba ndefu zenye maua juu ya paa, na paka anatuangalia dirishani kama mwenye nyumba. Njia ni tambarare, nyasi laini, hata bibi kikongwe anapita. Na walikuwa wanapita kweli, na mbwa wao, asubuhi na jioni. Hawaendi sokoni, hawaendi matanga. Wanatembea, halafu wanarudi. Ulisema, "Hawa watu wamekosa kazi au wamepata akili?" Nikakuambia uwaulize mbwa wao.

Shida ilikuwa mageti. Njia inakwenda na mto vizuri, mara geti la mbao, na ndani ni shamba la mtu na ng'ombe wake. Mtu aliyelelewa vizuri haingii shamba la mwenyewe kimya. Kwa hivyo tukasimama tukaita. "Hodi wenyewe! Hodi!" Ng'ombe wakainua vichwa. Tukangoja. Ukasema tuwape muda, labda wanakula. Tukaingia na aibu, tukafika geti la pili, hodi tena, tukangoja tena. Kufika geti la tatu wakati wa kupika umefika, turudi. Kutoka hapo daraja lilikuwa linaonekana, la mawe, dogo, limeinuka mgongo.

Mpaka yule mama wa Kizungu na mbwa mdogo akatuuliza tunamwita nani. Nikamweleza kwa Kiingereza changu, ambacho ulikuwa unakionea wivu. Alicheka akashika geti asianguke. Akasema njia hii ni ya watu wote tangu zamani, mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Wewe ukaamini palepale. Mimi nikakataa. Hakuna mtu duniani anafungulia dunia nzima shamba lake na ng'ombe wamo. Nikakwambia huyu mama anatutia kwa shida, kesho tuko polisi. Na mimi nikikataa nimekataa. Kila mwaka tukawa tunaishia geti la tatu, unaangalia daraja, unasema, "Mwaka kesho tunavuka, Barasa, hata kama ni kukubeba."

Halafu kifua chako kikaanza, ukaenda nyumbani.

Kidonda kilipofunga, Nafula aliniambia nitembee kila siku. Jua likishuka nazunguka mtaani, napita washona nguo na wauza chai ya karak, wote wananijua. Joto likizidi ananipeleka Al Sadd, kwenye jengo la maduka lenye baridi, nazunguka manukato na dhahabu kama tajiri. Askari wa mlangoni ni Mkamba, ananiuliza, "Mzee, leo umenunua nini?" Namwambia nimenunua mguu.

Bosi alikuja kuniona kutoka Muaither, ameleta tende, na yeye sasa ana fimbo. Jikoni mwako kuna mama wa Kisumu, anapika vizuri ila chumvi anamwaga kama anachukia mtu. Bosi bado anasema wali wako. Akakaa kitandani mwangu, akaniambia, "Ya Barasa, safari hii huendeshi. Unatembea na mimi."

Basi tulikwenda Uingereza, tukateremka mtoni palepale, wazee wawili na fimbo mbili. Geti la kwanza nikasema hodi, polepole, kwa sababu bado naona ndiyo adabu. Bosi akauliza naongea na nani. Nikamweleza habari yetu yote. Tulipofika geti la pili akasimama wima, akawaambia ng'ombe, "Salaam aleikum." Salongo, ungekuwepo! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Geti la tatu nililifungua kwa mkono wangu. Tukavuka shamba lile, ng'ombe hawakusema neno. Kabla ya kupanda daraja kuna benchi, bosi magoti yakamshinda, akaketi. Akaniambia, "Yalla, nenda."

Mahali pa kidole palikuwa panauma. Nilipanda nikavuka.

Sasa nikwambie upande wa pili kuna nini, maana tulibishana sana. Wewe ulisema kuna kanisa. Mimi nilisema kinu cha kusaga. Hakuna kanisa, hakuna kinu. Ni shamba lingine, ng'ombe wengine, na njia inakwenda na mto vilevile. Hukukosa kitu.

Hapana. Nakudanganya. Palikuwa pazuri. Nilirudi nikasimama katikati, maji chini yanaonyesha mawe na visamaki, upepo unanukia nyasi iliyokatwa. Na mimi nimesimama kwa miguu yangu yote miwili. Miezi yote ile nilikuwa nalala na ule mguu kama mtu analala na mwizi nyumbani. Hapo nikasikia mabega yananishuka. Nilitaka kukuita. Sikukuita, bosi angefikiri...

Basi.

Nafula akipata likizo tutapita Masaka. Naahidi kutoka barabarani mpaka kwako nitatembea, sipandi bodaboda, na sitaharakishwa na mtu. Mpaka hapo pumzika, baba wa mapacha, usihangaike tena na habari zangu.

Ukitaka kubisha, na najua utabisha, habari za kidole anazo Nafula, ndiye alikuwa anafunga bandeji. Habari za daraja anazo bosi, aliniona kwa macho yake. Siku atakayofika huko, na iwe mbali inshallah, muulize, ni mtu mkweli. Ila akikwambia nililia pale juu, hapo usimsikize. Ni mzee, na alikuwa ameketi mbali.

Barasa