Kiti Unachokalia, Baba

Mbunya, Bunia, tarehe 9 Machi 1981

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mama, hapo Butembo. Mguu unaendeleaje? Huku watoto ni wazima, nami ni mzima, ila hasira imenijaa na sitaificha.

Barua yako nimeisoma. Unaniamuru nimpe kaka Mumbere meza ya useremala uliyoiacha huku, ile ya hetre, mti wa Ulaya, aipasue atengeneze madirisha ya nyumba ya tajiri mmoja wa Boga. Baba, simpi.

Wewe ndiwe uliyenifundisha mti huo, ingawa ulidhani nashika tu ncha ya pili ya msumeno. Hetre ni mgumu, nyuzi zake zimebanana, hauachi vibanzi mkononi. Kwa meza ya kazi, kwa mpini, kwa randa, hauna mwenzake. Lakini nje ya nyumba ni hasara tupu: unakunywa maji, unavimba, na mchwa wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda nyama. Mwaka jana Mumbere alitengenezea kanisa letu mlango kwa mbao za hetre zilizobaki. Mvua za Aprili zikaja, mlango ukakwama, wakristo wakaingilia dirishani. Nilikuwa nimemwonya. Alinijibu kwamba mwanamuke hapigake randa, basi nisimfundishe kazi.

Sasa sikia nililoficha miaka minne. Kiti chako cha mgongo wa duara, unachowaonyesha wageni ukisifu mikono ya Mumbere, nilikitengeneza mimi. Nilitia fito za hetre ndani ya bomba la chuma juu ya pipa la maji ya moto, nikaziba kwa matambara. Zilipokwisha kulainika kwa mvuke nikazipinda kwenye rimu ya gari kabla hazijapoa. Tatu zilivunjika, ufito wa nne ukatii. Mumbere alikuletea tu. Aliniomba ninyamaze, eti ulikuwa mgonjwa na furaha ya mwana fundi itakuponya. Nilinyamaza kwa sababu nakupenda. Leo nimechoka.

Mwambie mama akigeuze. Chini ya kikalio jina langu liko, kwa penseli.

Meza inabaki hapa, na ninafanya kazi juu yake mlango ukiwa wazi, anayepita aone. Msalimie mama na majirani wote, Mungu awalinde. Nawe ukitaka kunikasirikia, kasirika umekaa kitini mwako. Hakitavunjika.

Binti yako,
Kaswera, seremala