Kapsuli Nilizokuchukulia, Baba

Baba yangu mpendwa, mzee wa Mabamba,

Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha kidato cha nne somo la dawa za kuua bakteria, nikashindwa kulimaliza. Nilichora bakteria ubaoni kama kila mwaka: ukuta nje, utando mwembamba ndani. Nilipogeuka kuwatazama wanafunzi, nikakukumbuka wewe, nikaiweka chaki chini. Nikasingizia kichwa kinauma.

Unakumbuka tulivyoiongea habari hii nyumbani, umekaa mkekani, umenyoosha mguu wenye kidonda cha jembe? Daktari alikuandikia kapsuli za siku saba. Mimi nimetoka Kasulu na shati langu la ualimu, nikaanza kukupa somo bila kuombwa. Nikasema dawa hii haiubomoi ukuta wa bakteria, inamzuia tu asiujenge. Naye anaendelea kukua, ukuta una mapengo, maji yanaingia, ule utando wa ndani unavimba mpaka unapasuka. Ulicheka, wewe uliyefyatua matofali maisha yako yote. Ukaniuliza, "Sasa kama inamzuia fundi tu, ukiiacha mapema si fundi atarudi kazini?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile darasani, Baba. Nami nikakujibu, "Aa, mzee, hayo mambo ya shule, usijichoshe." Ilikuwa siku ya tatu. Kidonda kimekauka juu, homa imekwisha. Nikakwambia umepona, nikazitia mfukoni kapsuli zilizobaki nimpelekee mjukuu wako aliyekuwa anakohoa. Kwetu dawa ikibaki haitupwi, inagawiwa, kila mtu anafanya hivyo. Lakini si kila mtu ni mwalimu wa baiolojia. Na mtoto mwenyewe alikuwa na mafua tu, yangeisha yenyewe.

Siku kumi baadaye nikapigiwa simu. Mguu ulikuwa umevimba mpaka nyongani, ugonjwa umeshaingia kwenye damu. Kibondo hospitali walihangaika na wewe kweli kweli, ila tulikufikisha umechelewa.

Sasa hili hulijui. Msibani watu walianza kunong'ona juu ya Mama Joselina, jirani yako, yule aliyekuosha kidonda kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Eti mkono wake si mzuri. Eti alikutilia kitu. Nilikuwa palepale, na sahani yangu ya ugali wa muhogo, nikasikia kila neno, nikaendelea kula. Nikuambie ukweli? Nilipata nafuu. Nilifurahi kwamba wanamtazama yeye. Ee Baba, mimi ni mtu wa namna gani? Tangu siku ile watu waliacha kununua unga wake, na kanisani anakaa benchi zima peke yake. Miaka miwili, na mimi nikija likizo namsalimia kwa mbali.

Jumamosi nilipanda basi nikaenda kwake. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: siku ya tatu, kapsuli, mfuko wangu. Nikamwambia kesho yake baada ya ibada nitasema mbele ya watu wote. Hakuacha kumenya.

"Ninajua, mwalimu," akasema. "Baba yako aliniambia asubuhi ile wanampakia garini. Akaniomba nisikuaibishe, kwa sababu kijiji kizima kinajivunia wewe."

Kumbe ulijua. Ulikuwa na homa inayokuunguza, na bado ukafikiria heshima yangu. Na yeye akabeba jina la uchawi miaka miwili kwa kutimiza ahadi aliyokupa, huku mimi nikipokea shikamoo za watu.

Jana nilisimama kanisani nikasema yote. Wengine wamenikasirikia, na wana haki. Mama Joselina hakuinua uso. Naona haya, Baba, mpaka naona haya kukuomba msamaha, maana wewe ulinisamehe kabla sijajua nimekosa.

Pumzika, mzee wangu.

Mwanao wa kwanza, uliyemsitiri