Beji Uliyoivua Mlangoni pa Kanisa

Kilvara, Jumatano

Fintan,

Wewe ni mjinga, na nakuambia kabla sijakusalimu usije ukadhani hasira zimepoa. Haya, hujambo mwanangu? Kifua kimeachia? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kwa mvua hii. Mkeo Attracta na binti yako Sorcha wako hapa kwangu, wanakula, wanalala. Hawajakusalimu.

Jumapili ulimvua mkeo beji ya Moyo Mtakatifu mbele ya mlango wa kanisa, padri anaangalia, yule mmbeya wa kijiji Bibi Hanratty anaona raha. Beji ya mtu aliyeapa kutogusa kileo! Ameivaa tangu kipaimara. Ukatangaza kwamba wekundu ule wa mashavu ni wiski, anakunywa kwa siri. Nyumbani ulimnusa mdomo, ukapekua makabati, ukapekua mpaka ndani ya buti za mvua, ukapata nini? Chupa ya maji ya baraka.

Juzi nilimpeleka kwa daktari mjini Galway. Daktari mwenyewe msichana tu, lakini hakumnusa mtu mdomo. Alimmulika mashavu, pua na kidevu, akamuuliza kama uso unawaka akinywa chai ya moto, akikaa karibu na jiko, akipigwa na upepo au jua, na kama macho yanakereketa utadhani yana mchanga. Attracta aliitikia kila swali, mwisho akalia. Daktari akasema ni ugonjwa wa ngozi, unaitwa rosasea. Vimishipa vya damu vya usoni vinatanuka, na vipele vinatoka mtu akadhani ni chunusi. Sisi weupe wa huku unatupata sana. Pombe huuchochea kwa mnywaji, alisema, ila hata asiyewahi kuonja tone unampata. Hauambukizi. Hauishi kabisa, lakini unatulizwa. Kampa dawa ya kupaka, na mafuta ya kuzuia jua. Nikamwambia huku kwetu jua tunalisikia kwa majirani. Akacheka, akasema apake hivyo hivyo. Na ile sabuni ya kufulia aliyokuwa akijisugulia kwa ajili ya maneno yako, kumbe ndiyo ilizidi kumchoma.

Wewe unamtambua ng'ombe mgonjwa akiwa ng'ambo ya uzio. Mkeo umelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo!

Hata hayo ningeyameza. Lakini leo asubuhi nilimkuta Sorcha jikoni amejipaka unga wa mkate uso mzima. Nikamtania, we mtoto, unataka kuokwa? Hakucheka. Akasema akikimbia shuleni anakuwa mwekundu kama mama yake, na hataki baba amnuse mdomo. Ana miaka kumi, Fintan. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu. Kama ni ugonjwa au ni damu ya utoto tu, daktari atatuambia. Ila hofu ile umempa wewe.

Padri anakusalimu, nami nimemjibu kwamba salamu nitazifikisha nikipenda. Msalimie mbwa, yeye hana kosa.

Jumapili uje mapema, umenyoa, na beji mfukoni. Usimpe mkononi. Simama pale pale mlangoni, Bibi Hanratty akiwepo, umvishe mwenyewe, useme ulikosea, kwa sauti ile ile uliyomvulia. Kisha umwinamie Sorcha, umbusu shavuni, na usinuse.

Mama yako,
Concepta Geraghty