Sahani ya Rozalia

Katubuka, Kigoma
Jumapili

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Watu wa boti wameniambia kikohozi kimekuacha na dagaa wanapatikana huko Kagunga. Nimefurahi. Hapa tu wazima, isipokuwa dada Rozalia, na nakuandikia kwa ajili yake.

Alirudi kutoka Dar es Salaam siku kumi na nane zilizopita, baada ya kupigwa mionzi mara ishirini na tano. Daktari alieleza kwamba uvimbe wa titi ulikuwa mkubwa na umeshika kifua, usingekatika vizuri, hivyo mionzi ilitangulia ili unywee. Umenywea kweli. Ngozi imekuwa nyeusi, kwapani inabanduka. Tarehe kumi na nne anatakiwa kwenye upasuaji. Akikosa, utakua tena.

Sasa sikia uchafu wa nyumba yangu. Shangazi Catherine alimnunulia sahani ya plastiki na kikombe, vikawekwa dirishani, mbali na vyombo vyetu. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja! Esther, mke wangu, alikuwa akisukuma kwa mguu beseni aliloogea Rozalia. Jirani mmoja akamuuliza Rozalia kama anawaka gizani, umeme ukikatika wamwazime. Watu walicheka. Rozalia naye alicheka, akamwambia alete na simu aichajie hapohapo. Kesho yake akasema hakatwi. Alisema, apone ili arudi kula dirishani?

Walinitia kinyaa. Niliwakusanya wote, nikawauliza nani kawaambia mionzi inaambukiza. Shangazi ndiye aliyejibu kwamba ni mimi.

Ni kweli, kaka. Siku aliyofika Rozalia, binti yangu alitaka kulala naye. Nikamwambia, wote wakisikia, amwache, shangazi yake ana mionzi mwilini. Sikuwa nimemuuliza mtu. Miaka ishirini na miwili naandika habari, na hata bei ya mawese siiandiki bila kuuliza watu wawili. Waliniamini kwa sababu ni mwandishi. Juzi ndipo nilipompigia daktari: mionzi ile haibaki mwilini, mashine ikizimwa imekwisha.

Nimemweleza Rozalia mbele ya wote. Hakunitukana. Alisema atakwenda kukatwa, ila nisimsindikize mimi. Anakutaka wewe. Panda boti ya Jumatano, tafadhali.

Mfikishie shemeji salamu zetu, na watoto wote.

Mdogo wako,
Leodgar